Dereva Apimwe Stejini, Si Kwenye Faili

Baada ya kila ajali mbaya, taarifa ya kwanza huwa fupi: dereva alishindwa kulimudu gari. Siku mbili baadaye inaongezwa kwamba leseni yake ilikuwa halali na gari lilikuwa limekaguliwa, au kwamba halikuwa limekaguliwa, na mjadala unaishia hapo. Stakabadhi ndizo zinazogeuzwa kipimo cha dereva. Lakini leseni inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna siku mtu huyu alionyesha anajua kuendesha. Cheti cha daktari nacho kinathibitisha kwamba kuna asubuhi fulani presha na macho yake vilikuwa sawa. Hakuna kati ya karatasi hizo inayojibu swali linalomhusu abiria wa Githurai anayepanda matatu usiku huu: aliyeshika usukani yuko katika hali ya kuendesha sasa hivi?

Hali ya dereva hubadilika kwa saa, si kwa mwaka. Ndiyo maana nashikilia kwamba nguvu na pesa tunazozielekeza kwenye wazo la kuwapima madereva wote upya, wazo linalofufuka kila ajali kubwa inapotushtua, zingeokoa watu wengi zaidi kama zingepelekwa stejini, alfajiri, kabla ufunguo haujakabidhiwa. Vipimo vya hospitali vina kazi yake na nitavifikia. Haviwezi tu kuubeba mzigo wote.

Kwanza tuangalie ni nani wanaokufa. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, zinaonyesha kwamba Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Waendesha pikipiki wanafuata. Kwa hiyo hapa Nairobi mtihani halisi wa dereva ni kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akivuka Outering au Mombasa Road giza likishaingia, na kusimama kabla ya kumfikia.

Tulipige hesabu jambo hilo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliyelala vizuri huchukua kama sekunde moja na nusu kuona hatari, kuamua na kukanyaga breki. Hapo gari limekwisha kwenda mita 21. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, breki zitahitaji mita 14 nyingine. Jumla ni mita 35. Sasa muweke mtu anayevuka mita 35 mbele, na dereva awe amechoka kiasi cha kuchelewa sekunde moja zaidi. Gari litamfikia mtu huyo likiwa bado na kasi yake yote ya kilomita 50, kabla breki hazijaanza kushika. Sekunde moja tu. Dereva huyo hatakuwa amelala, wala hatakuwa amevunja sheria ya mwendo. Ukimuuliza atakwambia kwa moyo safi kwamba mtu yule alijitokeza ghafla.

Kasi ikiongezeka, mambo huharibika upesi mno. Kwa mwendo wa kilomita 65, dereva yule yule mwenye usingizi wa kutosha atahitaji mita 51 ili asimame. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa akigongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5 kutoka kilomita 50 hadi 65. Hapa ndipo vidhibiti mwendo vilivyoletwa na kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004 vinapotuacha nusu ya njia. Vinafunga kasi kwenye kilomita 80. Kwenye barabara ya kwenda Nakuru vina maana kubwa. Kwenye Jogoo Road, ambako kikomo cha mjini ni 50, gari lenye kidhibiti kizima kabisa linaweza kukimbia kilomita 30 zaidi ya kikomo na kidhibiti kisilie hata mara moja.

Turudi kwenye uchovu, kwa sababu ndio hatari iliyo kubwa na isiyopimwa. Chukua zamu ya kawaida. Matatu inatakiwa kuwa kwenye foleni saa kumi alfajiri ili iwahi abiria wa kwanza, kwa hiyo dereva ameamka saa tisa na nusu. Jana usiku alishusha abiria wa mwisho, akapeleka gari kuoshwa, akakabidhi hesabu, yaani pesa za siku anazotakiwa kumpelekea mwenye gari, akafika nyumbani na kulala saa tano. Amelala muda wa saa nne na nusu. Uchunguzi wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani, uliotolewa mwaka 2016, ulikuta kwamba madereva waliolala kati ya saa 4 na 5 katika saa 24 zilizotangulia walikuwa na kiwango cha ajali zaidi ya mara 4 ya wale waliolala saa 7 au zaidi. Waliolala chini ya saa 4 walifika zaidi ya mara 11.

Hilo ni deni analoanza nalo siku. Kisha siku yenyewe inamla. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mwenye matatu angepaswa kuyajua: mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hutenda kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi huhesabu kuwa mwisho kwa dereva. Hesabu kutoka saa tisa na nusu alfajiri. Saa 17 zinatimia saa mbili na nusu usiku. Ndiyo saa ambayo watu wanashuka Roysambu, Allsops na Pipeline, wengine wakiruka vizuizi kwa sababu daraja la waenda kwa miguu liko mbali au lina giza. Dereva huyo hajaonja pombe. Alcoblow, kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi, itasoma sifuri, naye ataruhusiwa kuendelea.

Usingizi wa kupitiwa nao hauji kama watu wanavyoudhania. Kichwa si lazima kiangukie usukani. Ubongo hujizima kwa sekunde mbili au tatu huku macho yakiwa wazi, na kwa kilomita 80 sekunde tatu ni mita 67. Dalili zake za mwanzo dereva mwenyewe anazijua: hakumbuki alivyopita steji iliyotangulia, gari linayumba ndani ya mstari, anapiga miayo mfululizo, anakuta amelikaribia mno gari la mbele. Mwili una vipindi viwili unapolazimisha usingizi hata kwa aliyelala vizuri, kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kingine chepesi zaidi kati ya saa nane na saa kumi mchana. Mabasi ya usiku ya Kisumu na Mombasa hupita katikati ya kile cha kwanza. Kufungua dirisha na kuongeza muziki husaidia kwa dakika chache tu. Kinachofanya kazi ni kikombe cha kahawa kikifuatwa mara moja na usingizi wa dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo inamkuta mtu anaamka. Akilala zaidi ya hapo ataamka mzito, na atahitaji muda kabla ya kushika usukani.

Miraa na muguka, majani yanayotafunwa kufukuza usingizi, ni suala tofauti, nami nasema bila kuwakebehi wanaozitumia. Zinaficha hisia ya usingizi, lakini deni lenyewe linabaki palepale. Zinapoisha nguvu, usingizi wote uliosukumwa mbele unaanguka kwa pamoja, mara nyingi ugenini na usiku wa manane.

Pombe ina hesabu yake, na wengi huikosea kwenye asubuhi ya pili. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 hubeba takriban gramu 16 na nusu za pombe halisi. Ini huondoa gramu 7 au 8 kwa saa, na halina haraka ya mtu yeyote. Supu, maji baridi, kuoga, vyote haviliharakishi. Dereva wa kilo 70 aliyekunywa chupa tano kuanzia saa mbili usiku atakuwa safi mnamo saa moja asubuhi. Akitoka na gari saa kumi alfajiri bado ana gramu zaidi ya 20 mwilini, sawa na karibu miligramu 50 katika kila mililita 100 za damu. Anajiona yuko sawa kwa sababu amelala. Usingizi wenyewe ulikuwa mfupi na mbovu, kwa hiyo ana madeni mawili kwa wakati mmoja. Vizuizi vya polisi vya usiku vinawakamata wanaotoka baa, lakini huyu wa alfajiri hupita bila kuonwa na mtu.

Kuna pia dawa ambazo hakuna anayezitaja. Dereva mwenye mafua huingia duka la dawa, hupewa Piriton kwa bei ya chini, anameza na kurudi kazini. Hiyo ni klofeniramini, dawa inayoleta usingizi na kupunguza wepesi wa kutenda kwa saa kadhaa. Ipo loratadini, isiyolegeza mwili kiasi hicho, na mwenye duka akiambiwa "mimi ni dereva" anaweza kuitoa badala yake. Dawa za kikohozi zenye kodini na vidonge vya diazepamu, ambavyo navyo huleta usingizi, vyafaa kuulizwa kila asubuhi, bila kumfanya mtu ajisikie mshukiwa.

Sasa hospitali. Kipimo cha macho tunachokijua ni ubao wa herufi nyeusi juu ya nyeupe, ndani ya chumba chenye mwanga. Dereva akisoma mstari unaotakiwa, amepita. Kipimo hicho hakigusi mambo mawili yanayoua watu Nairobi. La kwanza ni uwezo wa kutofautisha kitu cheusi kwenye giza jepesi, ambao hupungua mtoto wa jicho anapoanza, hata kabla herufi hazijawa tatizo. La pili ni uwanda wa kuona pembeni. Presha ya macho hula pembe za uwanda huo polepole bila maumivu, na mgonjwa hajui mpaka hasara iwe kubwa. Kuna jaribio rahisi la kuanzia: mpimaji na dereva wakae wakitazamana, mita moja kati yao, dereva afunike jicho la kushoto na mpimaji la kulia, kisha mpimaji alete vidole kutoka nje kuingia katikati, juu, chini na pande zote. Kama mpimaji anaviona mapema na dereva hajaviona, huyo aende kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Miwani ya manjano inayouzwa kwenye foleni za magari kwa ajili ya usiku isinunuliwe. Inapunguza mwanga unaofika jichoni wakati ule mwanga unapohitajika zaidi. Na kioo cha mbele chenye mikwaruzo na stika za nganya, zile matatu zilizorembwa, kinaweza kuyaharibu macho mazima kabisa.

Magonjwa yanayostahili kutafutwa kwa bidii ni machache. Kisukari kwanza, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu. Miongozo ya Uingereza inamtaka dereva wa namna hiyo apime ndani ya saa mbili kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili njiani, awe na sukari iliyo juu ya 5 (milimoli kwa lita), na ikishuka chini ya 4 asimame, ale, kisha asubiri dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa. Presha ya juu ikikaa 180 au zaidi, au ya chini 100 au zaidi, dereva wa basi au lori huko husimamishwa mpaka itulie. Kifafa kina masharti makali zaidi: miaka 10 bila degedege na bila dawa kabla ya kupewa basi. Sisemi tuyanakili yote neno kwa neno. Nasema daktari anayejaza fomu awe na namba za kushikilia, badala ya kugonga muhuri baada ya salamu.

Lililosahaulika kabisa ni kukoroma. Dereva mnene, mwenye shingo nene, anayekoroma kwa nguvu na ambaye mkewe humsikia akikata pumzi usiku, anaweza kuwa na tatizo la kukatika pumzi usingizini. Huyu hulala kwa muda wa saa nane na kuamka kama hakulala. Hatari yake ya kupata ajali ni zaidi ya mara mbili ya dereva mwingine. Kuna maswali nane yanayojulikana kama STOP-Bang, ya ndiyo au hapana, yanayouliza kuhusu kukoroma, uchovu wa mchana, kukatika pumzi, presha, uzito, umri kupita miaka 50, shingo kupita sentimita 40, na jinsia. Akipata ndiyo tatu au zaidi, apelekwe kupimwa. Kinachohitajika ni karatasi na utepe wa fundi cherehani. Tatizo lenyewe lina matibabu, na mtu akishatibiwa anarudi kazini akiwa dereva bora kuliko alivyokuwa.

Sasa tufike stejini. Kazi hii apewe karani wa sacco, chama cha ushirika kinachosimamia matatu, asiwe mwenye gari wala kondakta, kwa sababu hao wawili wanakula kwa gari kuondoka. Dakika sita zinatosha. Ulilala saa ngapi, umeamka saa ngapi? Umemeza dawa yoyote? Apulize kifaa cha pombe. Kisha jaribio la umakini kwenye simu: alama inatokea kwa nyakati zisizotabirika, dereva anagusa. Lina toleo fupi la dakika tatu. Katika toleo kamili la dakika kumi, kila jibu linalochelewa kupita nusu sekunde huhesabiwa kuwa umakini umekatika. Muhimu ni kumlinganisha dereva na yeye mwenyewe wiki akiwa amepumzika. Ukimlinganisha na kijana wa miaka 25, mzee mwangalifu ataonekana mbovu kila siku na mtamwonea.

Jibu pia lisiwe la ndiyo au la. Wapo wa kuondoka, wapo wa kuondoka lakini wakabidhi gari saa nane mchana, na wapo wa kurudi kulala. Kundi la katikati ndilo kubwa na ndilo linalopuuzwa.

Mpango huu utavunjika mahali pawili, na nawaomba wasimamizi wa sacco wapaangalie kabla hawajanunua kifaa chochote. Pa kwanza ni skwodi, dereva wa kushikia zamu. Dereva wa gari akichoka humpa mwenzake mizunguko miwili mitatu. Kanuni za mwaka 2014 za magari ya abiria zinamzuia dereva kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, lakini skwodi anayeingia garini saa tisa alasiri huenda amekwisha kuendesha gari jingine tangu alfajiri, katika njia nyingine, kwa sacco nyingine. Saa zake hazihesabiwi na mtu. Ulaya walilitatua hili kwa takografu, kifaa cha kurekodi saa za kuendesha, inayosoma kadi ya dereva mwenyewe: akiendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, hata abadilishe gari mara ngapi. Sisi tungeweza kuanza na daftari la pamoja la sacco zinazotumia njia moja, kwa namba ya leseni.

Pa pili ni hesabu ya siku. Dereva analipwa kwa kile kinachobaki baada ya tajiri, yaani mwenye gari, kupata kiasi alichokitaja na mafuta kulipwa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo arudi nyumbani kwa sababu amelala muda wa saa nne tu, umemwambia watoto wake wasile leo. Atakudanganya, na yeyote angedanganya. Kwa hiyo upimaji wa kila siku bila mshahara usiobadilika utageuka uwongo wa kila siku. Sacco zinazotaka kuanza ziweke angalau malipo ya siku kwa anayekutwa amechoka, kwa idadi fulani ya siku kwa mwezi. Ikilinganishwa na gari moja kulala gereji wiki mbili baada ya kugonga, gharama hiyo ni ndogo.

Kuna wanaosema makosa ya binadamu ndiyo chanzo cha asilimia 94 ya ajali, kwa hiyo tupambane na dereva peke yake. Namba hiyo ilitoka kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, na waraka wenyewe wa mwaka 2015 ulionya kwamba isichukuliwe kuwa ndiyo chanzo cha ajali wala lawama. Ilimaanisha kwamba tukio la mwisho katika mnyororo lilikuwa la dereva. Pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia matatu na wachuuzi wa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hata dereva huyo angelaumiwa kwa kila kitu, soko lililo hatua chache kutoka kwenye lami ndilo lililoifanya ajali moja iwe msiba wa taifa.

Hata "breki zimegoma" mara nyingi ni habari ya ujuzi na ya posho. Mteremko wa Mai Mahiu huteremkwa kwa gia iliyochaguliwa juu kabisa, kabla ya kushuka, ili injini ilishike gari. Kasi ikifika kikomo dereva alichojiwekea, anakanyaga breki kwa uthabiti mpaka ipungue kama kilomita 10, anaachia kabisa ngoma za breki zipoe, anarudia. Anayezikanyaga mfululizo huzipasha moto, ngoma inatanuka kuukimbia utando wa breki, na pedali inashuka bila kuzaa kitu. Anayeweka nyutro ili abane mafuta amejinyima msaada wa injini bure: dizeli ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya akseleta hukata mafuta yenyewe.

Afisa anayefika penye ajali ana tepu, kamera na fomu. Ningependa aandike mambo manne kabla kumbukumbu za watu hazijabadilika: dereva aliamka saa ngapi siku hiyo, hili lilikuwa gari lake la ngapi tangu alfajiri, alikuwa amemeza nini, na hesabu aliyotakiwa kupeleka jioni ile ilikuwa imebaki shilingi ngapi.